Maziwa Yakikataa Kuganda, Usisingizie Kijicho

Ndugu mfugaji wa Itetemia, juzi mama mmoja muuza mtindi alinionyesha ndoo yake ya lita 10. Maziwa aliyachemsha, akayapoza hadi vuguvugu, akatia mtindi wa kuanzishia, akafunika. Asubuhi yalikuwa majimaji vilevile. Majirani walishasema ni kijicho. Tukamfuata aliyemuuzia, akakiri: ng'ombe alichomwa OTC siku moja kabla, kwa ugonjwa wa kiwele.

Mtindi hugandishwa na bakteria hai wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. OTC haichagui: inazuia wa ugonjwa wasizaliane, na hawa pia. Na bakteria rafiki hawaishi kwenye ndoo tu, wamo hata tumboni mwako, ndiyo maana wengine huharisha wakimeza antibiotiki.

Wapo wanaonicheka, eti bakteria wote ni uchafu. Waende Mwanza. Mwaka 2004 ulianza mradi wa kina mama wa Tukwamuane, Mabatini, pamoja na NIMR na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada: mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, ukiwalenga pia wanaoishi na VVU. Hautibu UKIMWI, na anayekwambia uache ARV anakuua. Kazi ya bakteria hao ni kugombea nafasi na chakula na wadudu wabaya wa tumbo. Lazima wawe hai. Ukimimina mtindi kwenye uji unaochemka umewaua. (Maziwa mabichi ni jambo jingine, yanaweza kuleta brusela. Chemsha kwanza, gandisha baadaye.)

Utaniuliza: nikimwaga maziwa ya siku zote hizo, ada ya mtoto nitatoa wapi? Swali la haki. Lakini yule mama naye ana watoto shuleni, na lita 10 alizopoteza alikulipa wewe taslimu. Na yakiganda kwa bahati, wanywaji wanameza dawa ambayo hakuna daktari aliyewaandikia.

Soma lebo ya chupa: siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa zimeandikwa, na zinatofautiana kwa kila dawa. Mfunge ng'ombe huyo kamba nyekundu shingoni, mkamue mwisho.

Wewe mchuuzi, usichanganye maziwa ya wafugaji watano kwenye dumu moja kisha ushangae. Weka kikombe cha kila mmoja pembeni, tia kijiko cha mtindi, chemsha kwanza kama kawaida. Kesho utajua wa nani kimegoma.

Mimi nikiitwa kuchoma sindano, tarehe naiandika mlangoni pa zizi kwa mkaa, wateja waione. Usiyetaka niandike, tafuta mwingine.