Muziki Kibarazani na Usingizi wa Jirani

Mwezi huu naomba tuweke kando lishe na chanjo, tuzungumze juu ya redio. Najua wapo watakaocheka na kuuliza, muuguzi na redio wapi na wapi? Lakini haipiti wiki kliniki bila kukutana na mama mzazi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikimwuliza kama mtoto analia usiku, hunijibu kwamba mtoto hana neno. Asiyelala ni jirani wa chumba cha mbele.

Tuanze na nyumba zenyewe. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini, iwe Majengo, Misuna au Utemini, zina kibaraza kimoja, ua mmoja, vyumba sita au vinane, na mara nyingi mita moja ya LUKU kwa wote. Ukuta unaotenganisha chumba na chumba huishia pale kenchi zinapoanzia. Juu yake ni mbao na mabati, dari hakuna. Basi sauti hupanda, hugonga bati, hushukia chumba cha pili. Mama akikohoa chumba cha kwanza, anaambiwa pole kutoka chumba cha nne. Katika nyumba kama hiyo hakuna redio ya mtu mmoja. Ukifungua yako, umewafungulia wote, na wao hawana swichi ya kuizima. Ukiitoa kibarazani ndiyo kabisa, maana upepo wetu wa Singida huuchukua muziki hadi nyumba ya tatu.

Zamani kelele zilikuwa za redio ya betri mbili, na betri zilipoisha tulipumzika. Sasa kijana anayeanza maisha hununua godoro, kisha sabufa, na meza itakuja Mungu akipenda. Sabufa ina tabia yake. Sauti nyembamba, kama ya mwimbaji, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na ukuta wa tofali. Besi haizuiwi hivyo. Wimbi la sauti ya besi laweza kuwa na urefu wa mita saba, yaani refu kuliko chumba chenyewe, nalo hupenya ukutani na sakafuni bila taabu. Ndiyo maana mwenye sabufa husikia wimbo wenye maneno na kinanda, na jirani husikia dum, dum, dum peke yake. Kwa hiyo jirani akikuambia muziki wako unamchosha, usijitetee kwamba wimbo ni mzuri. Yeye wimbo hajausikia.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Macho tunayafumba, lakini masikio hayafumbiki, na mtu aliyelala anaendelea kusikia. Kelele ya usiku huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu kwa muda, hata kama mtu hakuamka na asubuhi hakumbuki lolote. Kwa bibi mwenye presha hilo si jambo la kubeza. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, ambazo ni kama mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kufika desibeli 85, saa nane kwa siku, siku baada ya siku, zinatosha kuanza kuharibu masikio, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 100, muda salama ni dakika 15 tu. Mwenye sabufa aliyeketi karibu nayo ndiye wa kwanza kuumia. Kijana anayekujibu "eeh?" mara mbili mbili huenda si mkaidi.

Mtoto mchanga anahitaji kulala saa 14 hadi 17 katika siku nzima, mchana na usiku, kwa vipande vipande. Mama aliyejifungua, hasa aliyepasuliwa, anatakiwa alale mtoto anapolala. Tunamwambia hivyo wodini, naye anaitikia vizuri, kisha anarudi chumba cha katikati ambako mchana kuna muziki wa kushoto na jioni wa kulia. Mama aliyechoka kupita kiasi, maziwa yake huchelewa kushuka, huzuni humwandama, na humkasirikia mtoto asiye na kosa. Watu wanasema amebadilika tangu ajifungue. Kumbe hajalala.

Hata watoto wa shule huguswa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliandika juu ya watoto waliokaa katika majengo marefu ya ghorofa 32 mjini New York, yaliyojengwa juu kabisa ya barabara kuu. Watoto wa ghorofa za chini, penye kelele nyingi, walikuwa dhaifu katika kutofautisha maneno yanayokaribiana kwa sauti, na dhaifu katika kusoma, kuliko wenzao wa juu. Inaonekana mtoto aliyezoea kelele hujifunza kutosikiliza, na pamoja na kelele huyaacha na maneno ya mwalimu.

Tusiwasahau wanaolala mchana. Muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi wa benki, dereva aliyeingia na lori kutoka Mwanza alfajiri. Kwao saa nne asubuhi ni usiku wa manane. Wengi hudhani kwamba jua likishachomoza kila mtu ana ruhusa ya kupiga muziki apendavyo. Mimi sikubaliani nalo.

Jambo linalonishangaza ni hili: adabu hii tunayo tayari. Ukitokea msiba mtaani, hakuna anayetangaza. Redio zinazimwa zenyewe, kijana wa sabufa anaingiza spika ndani, hata baa ya jirani hupunguza sauti hadi wazike. Hatumwulizi marehemu alikuwa wa dhehebu gani. Hatusemi, "nimelipa kodi yangu, niko chumbani kwangu." Tunaona turubai uani na tunajua la kufanya. Kwa nini basi mgonjwa aliye hai, anayehitaji huo usingizi ili asife, asipate nusu ya heshima hiyo? Mzazi wa siku nne je? Maiti hasumbuliwi na besi. Mimi nimeona mzee aliyetoka hospitali akirudi nyumbani kupumzika, na kwa siku tisa nyumba nzima ikapiga muziki kama kawaida. Siku ya kumi alipofariki, kukawa kimya.

Hapo wengine mtasema, "Sisi si wa miziki ya dunia." Kina mama wenzangu, tusemezane ukweli. Jumapili saa kumi na moja alfajiri, anayefungulia kwaya hadi mabati yatetemeke mara nyingi si yule kijana, yeye amelala. Ni sisi, tukifagia na kuchemsha chai. Tunadhani kwa kuwa ni kwaya, jirani anabarikiwa. Mithali 27:14 inamtaja mtu wa namna hiyo, anayemtakia rafiki mema kwa sauti kubwa mapema asubuhi, na haimpi sifa hata kidogo. Kwa aliyetoka zamu saa moja iliyopita, besi ya kwaya na besi ya singeli ni besi moja. Vivyo hivyo mahubiri kwenye spika ya simu katika foleni ya kliniki. Nchini Rwanda mwaka 2018 serikali ilifunga mamia ya makanisa, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Tusisubiri kufikishwa huko. Mkesha unaweza kuwa na spika zinazotazama ndani, zile za nje zikazimwa ifikapo saa nne usiku, na Mungu akasikia.

Sasa, utamwambiaje jirani? Usiende wakati muziki unapigwa na wewe una hasira. Usimtume mtoto na ujumbe, wala usigonge ukuta. Baba wa nyumba asitoke saa sita usiku kwenda kugonga mlango wa mwanaume mwenzake; hapo neno dogo huwa ugomvi, na nimeshona vichwa vilivyopasuka kwa sababu ya redio. Subiri asubuhi. Piga hodi, salimianeni, muulize za kazi. Kama ni kijana, mwite mwanangu, umweleze haja yako kwa wazi: "Mwanangu, mtoto wangu ana wiki moja tu, nami nina mshono. Naomba unisaidie, ikifika saa tatu usiku upunguze besi. Muziki wenyewe piga, ni hiyo besi tu." Ukimwambia "punguza kelele," umemtukana kwamba kipenzi chake ni kelele. Ukimwambia besi, anajua kitufe cha kugusa. Akishapunguza, kesho yake mshukuru, hata kwa sahani ya uji wa mtama.

Kama yeye ni mkubwa kwako, anza na shikamoo na umwombe ushauri kama vile unavyomwomba mama yako. Akikataa mara mbili, mwambie mwenye nyumba. Baada yake yupo mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kelele zinazozidi viwango, na kanuni za kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015 chini ya usimamizi wa NEMC. Kwa baa iliyohamia ubavuni mwenu, tumieni njia hiyo bila woga. Kwa jirani mnayechota naye maji bomba moja, mimi ningeiacha iwe ya mwisho kabisa, maana mtaendelea kukutana kisimani na jikoni.

Njia iliyofaa zaidi niliyoiona ni wapangaji kukaa kibarazani Jumamosi moja jioni, kama wanavyokaa kugawana gharama za umeme, wakapanga saa za muziki. Katika nyumba moja walikubaliana kwamba mlango ukiwa na khanga imening'inizwa nje, humo kuna anayelala, awe mzazi, mgonjwa au mtu wa zamu. Watoto ndio walioshika haraka kuliko wote. Wakiiona khanga wanahamishia mpira upande wa pili wa ua.

Na mwenye sabufa asiiweke kwenye ukuta wa jirani wala juu ya sakafu tupu. Aisogeze upande wa dirisha lake, spika zimtazame yeye, na chini yake atandike kitu laini kinene ili sakafu isitetemeke. Lile godoro dogo la mtoto lililochakaa, ulilotaka kulitupa, mpe.