Mizani ya Rufani

Wako wasemao kwamba rufani ya aliyehukumiwa kifo si jambo kubwa, maana Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Msomaji, usiwakubali. Adhabu hiyo ingali katika sheria. Mtu aliyehukumiwa kifo na hakimu wa Hola, kando ya Mto Tana, kwa wizi wa mabavu, hukimbilia Mahakama Kuu ya Garsen. Jaji wa huko hana ruhusa ya kugonga muhuri tu. Shauri la Okeno la 1972 lilithibitisha wajibu wake: aupime upya ushahidi wote, kisha aamue mwenyewe. Asiyefanya hivyo hakuhukumu, amenakili. Naye yapasa aulizwe. Mizani mbovu dukani humpunja mtu sukari. Mahakamani humpunja uhai.