Umeme wa ubongoni usikuachishe dawa ya matone

Tangu habari zienee kwamba wataalamu wa ng'ambo wanamrudishia kipofu nuru kwa kumtia vijinyaya vya umeme ubongoni, baadhi ya wagonjwa wenye glakoma, yaani presha ya macho, wameanza kuniuliza kama bado kuna haja ya kununua dawa ya matone kila mwezi. Swali hili linanitia hofu.

Jicho hupokea mwanga tu. Kuona kwenyewe hufanyika ubongoni, upande wa kisogo. Sehemu hiyo ikichochewa kwa umeme kidogo, mtu huona vidoa vya mwanga hata kama macho yake yamekufa. Jambo hili si geni. Mnamo 1968, Giles Brindley na Walpole Lewin wa Uingereza walieleza walivyomwekea mwanamke kipofu wa miaka 52 elektrodi 80 juu ya ubongo, naye akaona vidoa hivyo.

Mnamo 2021 madaktari wa Uhispania walieleza kuhusu mwanamke aliyekuwa kipofu kwa miaka 16. Aliweza kutambua baadhi ya herufi, kisha kifaa kikatolewa baada ya miezi sita kama ilivyopangwa. Mwaka uliofuata, mjini Chicago, mtu mmoja aliwekewa elektrodi 400. Ni kazi ya kusifiwa, lakini baada ya zaidi ya miaka 50 tungali kwenye vidoa. Hakuna anayesoma gazeti kwa njia hiyo.

Na kifaa kikiharibika je? Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliuza kifaa cha kuwekwa ndani ya jicho, ikaacha kukitengeneza mnamo 2019. Baadhi ya waliowekewa walibaki na mtambo mwilini usio na fundi wala vipuri. Hao ni watu wa nchi tajiri. Sisi tungempigia nani simu?

Mara nyingi glakoma haiumi. Huula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Matone hushusha presha ili kilichosalia kisipotee. Aliyetimiza miaka 40, hasa mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, akapimwe. Ikiwa bei ya dawa inakushinda, usiiache kimyakimya: mwambie daktari, kwani ziko za bei nafuu, na wengine hufaa kupasuliwa. Mwenye pumu naye aseme mapema, maana matone ya timololi yanaweza kumbana kifua.