Nyuso Tatu na Mnyonyo Mmoja

Wapo wasomi wanaopenda kusema kwamba elimu ya miti-dawa ilianza pale Ulaya ilipoanza kuichora. Hoja yao huanzia Basel mwaka 1542, Leonhart Fuchs, tabibu na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alipochapisha De historia stirpium, kitabu chenye picha zaidi ya 500 za mimea zilizochongwa kwenye mbao. Kitabu hicho ni kizuri, asiyekipenda hajakiona. Lakini ndani yake umo mnyonyo, na mnyonyo si mzaliwa wa Basel.

Asili yake ni Afrika, upande huu wa mashariki na kaskazini-mashariki. Warumi waliuita kwa jina la kupe, kwa kuwa punje yake inafanana naye, na mwaka 1753 Linnaeus akalikubali jina hilo. Mwambao unao majina yake: mnyonyo, mbarika, mbono (hili la mwisho lisichanganywe na mbono kaburi, ambao ni mti mwingine). Picha ya Fuchs yaonyesha jani la vidole na tunda la miiba. Haionyeshi mikono inayokaanga punje, ikazitwanga, ikazichemsha hadi mafuta yakaelea; wala haisemi kwamba punje hiyo hiyo, ikitafunwa mbichi, huweza kuua. Hayo yalihifadhiwa vichwani mwa kina bibi. Kuiita picha mwanzo wa elimu ni sawa na kuuita mswada mwanzo wa utenzi.

Hata hivyo, lawama isiishie Ulaya. Mwishoni mwa kitabu chake Fuchs aliweka nyuso za mafundi watatu: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia michoro kwenye mbao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Tena aliwazuia wasitie vivuli na madoido ya kuficha umbo la mmea. Ni washairi wangapi wa Kiswahili waliotenda haki ya namna hiyo? Tungo zimejaa waridi, asumini na mkadi. Watunzi wamenusa, hawajatwanga. Mnyonyo, uotao majalalani Tandika na kando ya mitaro ya Tandale, haumo. Muuza dawa za miti naye huingizwa katika beti pale tu panapotafutwa mtu wa kuchekwa.

Watajitetea kwamba dawa si mada ya ushairi. Ajabu! Tenzi za mwambao zimefundisha dini, unyumba na vita; mti utazishindaje?

Na wakati hauwasubiri. Viwanja vinasafishwa Mbagala hadi Bunju, na kichaka ndicho cha kwanza kufyekwa. Mafuta ya nyonyo yangalipo, yamo dukani ndani ya chupa yenye nembo, na mabinti huyapaka nywele. Mwonyeshe mmoja wao mti wenyewe, hapo kando ya Mto Kizinga, atasema ni gugu.