Simu Haisikii "Ila"

Kuna maneno yaliyozaliwa mwaka 2020 ambayo mimi nimechoka kuyasikia. Yanasemwa na watu wazima, wenye akili zao timamu: "Korona imetufundisha kwamba si lazima kwenda." Si lazima kwenda arusini, picha zitakuja. Si lazima kwenda matangani, rambirambi itafika kwa M-Pesa. Si lazima kwenda kumtazama mzazi, maadamu sauti yake inasikika. Nasema maneno hayo ni ya uongo, na namwomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Yapo nisiyoyapinga. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, na ilipofika Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Wazee ndio waliokuwa hatarini zaidi, na kuwaepusha na wageni kulikuwa na sababu. Lakini aliyevunjika mguu hutembelea gongo kwa kuwa hana budi. Akishapona, sijapata kumsikia akitangaza kwamba gongo ni bora kuliko mguu.

Kwetu sisi wa Kisauni kufungwa kule kulikuwa na kichekesho chake. Mpaka wetu na Kilifi ni daraja la Mtwapa. Shangazi yangu, aliyenilea, anakaa ng'ambo ya daraja hilo, na kwa matatu si safari ya kuaga watu. Tangu Aprili mpaka njia zilipofunguliwa Julai 7, malori ya mizigo yalivuka, mimi sikuvuka. Saruji ilikuwa na ruhusa ya kwenda Kilifi. Mtoto wa kaka yake hakuwa nayo. Ramadhani nzima ikapita hivyo, misikiti imefungwa, na Idi ya mwezi wa Mei ikapita pia, siku ambayo kwetu mtu huzunguka nyumba za wakubwa wake mmoja mmoja kuwapa mkono na kuomba radhi.

Basi tukapigiana simu. Hebu tuitazame simu yenyewe. Shangazi ana ile ya mulika mwizi, ya vitufe, haina picha wala haijui intaneti. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za hapo?" "Njema." Watoto wazima, mvua imenyesha, mnazi wa nyuma umeanguka, salio limekwisha.

Na lugha yetu, msomaji wajua, ina adabu yake. Mtu hata akiwa taabani huanza na sijambo. Ukimwuliza habari atakwambia njema, kisha, kama umekaa, atasema "ila". Hiyo ila ndiyo habari yenyewe, nayo haina haraka. Huja mtu akishakaa kitako mkekani, chai ya pili imemiminwa, watoto wametoka uani. Njema, ila huu mguu haunipi usingizi. Njema, ila mwenye nyumba amekuja mara mbili. Asiyekaa haisikii, na simu haikai. Kila dakika yake ina bei, na mzee aliyezoea kuhesabu senti hawezi kukumalizia salio lako kwa kukueleza mguu wake.

Nilipovuka mwezi wa Julai sikuambiwa kitu. Niliona kwa macho yangu, juu ya kabati la jikoni, kisu kidogo na nusu nusu za vidonge katika kifuniko cha chupa. Dawa yake ya presha alikuwa akiichukulia upande wa Mombasa. Njia ilipofungwa akaanza kuvikata vidonge ili visimwishie. Wiki kwa wiki aliniambia "njema", wala kwa adabu tuliyofunzwa hakusema uongo. Simu gani ingenionyesha kisu kile? Hata hizo za picha humwonyesha mtu usoni tu, tena akiwa amejifunga leso yake nzuri.

Watu watanijibu kwa hela. Ni kweli, mwaka ule, tangu Machi mpaka mwisho wa Desemba, ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 iliondolewa, na wengi walikula kwa sababu hiyo. Nashukuru. Lakini ada ilirudi, amri ya usiku ikaondolewa Oktoba 20, 2021, madaraja yote yako wazi, na bado wako watu ambao shilingi mia tano wamezifanya ziara. Mwezi ukiisha hutuma, hupiga kuuliza kama zimefika, na kuuliza huko ndiko kumesimama mahali pa kumjulia mzazi hali. Sisemi juu ya asiye na nauli. Nasema juu ya wenye gari uani.

Wala msinitajie jamaa zetu walioko Uarabuni kama ushahidi kwamba ujamaa huenda kwa sauti tu. Pwani hii tumeishi na watu wa mbali kabla ya simu hizi. Nakumbuka kaseti zilizoletwa mkononi na msafiri, tukazikalia duara kusikiliza mtu akikohoa na kutusalimu kwa majina. Yule aliyeirekodi kaseti hakusema hata siku moja kwamba inatosha. Alihesabu miezi ya mkataba wake, akaweka nauli, akaja. Wa Muscat anakuja, wa Bamburi anatuma ujumbe wa sauti!

Limebaki jambo moja ambalo hawa mabwana na mabibi hulitoa mwisho kama turufu: "Lakini mama mwenyewe ameniambia nisijisumbue." Mtu aliyelelewa na Mswahili anaweza kusema hivyo bila kuona haya? "Usijisumbue" hutamkwa na mwenyeji huku mkono mmoja unakushika na mwingine unavuta kiti. Huambiwa mgeni anapojongea kuosha vikombe, huambiwa aliyeleta ndizi, na hakuna aliyegeuka akarudi na ndizi zake. Mama anayesema hivyo kwenye simu ameshauliza nazi bei gani.