Utulivu wa Kinga ni Kazi

Tumezoea kuieleza kinga ya mwili kwa lugha ya vita, na mazoea hayo yametufanya tuuhesabu utulivu wake kuwa ni kutofanya kitu: adui hajaja, askari wamepumzika. Toleo hili la jarida letu linaipinga fikra hiyo. Seli T, mojawapo ya seli za kinga, inapoziacha salama tishu za mwili wake haijalala. Imepokea ishara, ishara imepita kutoka protini moja hadi nyingine ndani yake, na matokeo yake ni kujizuia. Anayetaka kujua kwa nini mtoto anapata kisukari cha aina ya kwanza, au kwa nini viungo vya mtu mzima vinavimba kwa baridi yabisi, aanzie hapo.

Jacques Miller alipowaondolea panya wachanga tezi ya thaimasi, mjini London mwaka 1961, tezi hiyo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari ilidhaniwa haina kazi ya maana. Panya wale walipungukiwa sana na limfositi, kundi la seli za kinga zikiwemo seli T, hata ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine hawakuikataa. Leo tunajua kwamba humo ndimo seli T changa zinamoundia vipokezi vyao kwa kuunganisha vipande vya jeni kwa bahati nasibu, kwa hiyo vingine havikosi kuulenga mwili wenyewe. Seli ambayo kipokezi chake hakishiki chochote hufa kwa kukosa ishara. Inayoshika kiasi huishi. Inayoshika kwa nguvu protini za mwili huuawa, au hugeuzwa kuwa seli T ya udhibiti, mlinzi anayezituliza nyingine. Zaidi ya asilimia 90 hazitoki hai. La kustaajabisha ni kwamba njia ya ishara ni ileile: kipokezi kilekile, kimeng'enya kilekile cha ZAP-70, kalsiamu ileile. Kinachoamua uhai na kifo ni ukali wa ishara na muda wake.

Atakayesema kwamba dawa basi ni kuidhoofisha ishara, ajibiwe na panya wa aina iitwayo SKG. Mwaka 2003 kundi la Shimon Sakaguchi nchini Japani lilionyesha kwamba badiliko moja tu katika ZAP-70 lilikuwa limepunguza nguvu ya ishara ndani ya seli T za panya hao. Ungetarajia kinga yao iwe dhaifu. Wao walishikwa na ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi, kwa sababu seli zilizostahili kufa kwa ishara kali zilipata ishara ya kiasi, zikaishi na kutoka. Vivyo hivyo panya waliokosa intalukini-2, iliyosifika kama kichocheo cha seli T, kinga yao iliwashambulia wenyewe. Seli za udhibiti haziwezi kustawi bila kichocheo hicho.

Pingamizi kwamba panya si binadamu ni la haki, lakini wagonjwa wenyewe wametoa ushahidi. Wavulana wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya FOXP3, inayoziongoza seli za udhibiti, hupata kuhara kukali, ukurutu na kisukari wakiwa wachanga. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2001, na Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Sakaguchi wakatunukiwa Nobel mwaka 2025 kwa kazi yao kuhusu seli hizo. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuziba protini za CTLA-4 au PD-1 nao hupata uvimbe wa utumbo au wa tezi ya shingo. Dawa hizo hazikuwaletea seli mpya za uadui; ziliondoa breki iliyokuwa ikifanya kazi kila siku.

Kuna pingamizi zito zaidi: dawa ya siklosporini, inayoiziba njia ya kalsiamu bila kubagua, imeokoa figo nyingi zilizopandikizwa. Ni kweli, na hatuidharau. Lakini kwa kuziba njia hiyo hupunguza pia intalukini-2 ambayo seli za udhibiti huitegemea, na mgonjwa hubaki wazi kwa maambukizi. Huo ni ukandamizaji wa kinga, na hatupaswi kuuita utulivu. Tunamwomba msomaji, hasa mwanafunzi wa udaktari, asiridhike na makala yoyote, zetu zikiwemo, inayosema tu kwamba njia fulani imewashwa au imezimwa. Aulize: katika seli ipi, kwa ukali gani, na kwa muda gani?