Ufuko wa Kavimvira si wa wanunuzi wa bia peke yao



Jumapili moja nilikwenda kupunga upepo kando ya ziwa, hapa kwetu Kavimvira. Nilimkuta mama mmoja, mtoto mgongoni, bidoni mbili mkononi, amesimama mbele ya uzio wa mabati. Zamani hapo palikuwa njia ya kwenda majini. Leo ni baa. Mlinzi akamwambia: "Mama, zunguka. Hapa ni pa wateja." Mimi nilipita, kwa sababu nilivaa viatu vizuri na nilikuwa na franka za soda. Mama akazunguka na jua la saa saba kichwani. Soda ile niliinywa, lakini haikushuka vizuri.

Siku hizi kuna wimbo mmoja mjini: utalii. Tusafishe ufuko, wageni watakuja, dola zitaingia. Sikatai. Nani asiyetaka vijana wetu wapate kazi? Lakini nauliza: mnaposema kusafisha, mnataka kuondoa nini? Ikiwa ni taka za plastiki, nitakuja na reki yangu. Ikiwa ni mama wa samaki, mvuvi na familia zilizokimbia vita, basi hamjui mnauza nini.

Tuhesabu pamoja kile ambacho mgeni atakikumbuka akirudi kwao.

Atakumbuka ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha mita 1.470, na duniani kote ni Baikal la Urusi peke yake linalolipita. Lina aina zaidi ya 200 za samaki ambao karibu wote hawapatikani penginepo. Jioni jua linazama nyuma ya milima yetu, taa za Bujumbura zinawaka ng'ambo. Usiku usio na mwezi mitumbwi ya taa inatoka kufuata ndagala, na maji yanaonekana kama mji mwingine. Nani anawasha taa zile? Wavuvi. Mvuvi akikosa mahali pa kuegesha mtumbwi, mgeni atabaki kutazama giza.

Atakumbuka chakula. Mukeke aliyetoka majini asubuhi, akachomwa kwa mkaa, na ugali wa muhogo, lengalenga na pilipili. Ndagala wa kukaanga kwenye karatasi. Samaki yule hakuzaliwa katika friji ya baa. Amepita mikononi mwa mama aliyeamka saa kumi ya usiku kumngojea mvuvi kwenye mchanga. Mkimfukuza mama yule mchangani, baa itampata wapi samaki? Na kwa bei gani?

Atakumbuka kazi za mikono. Vinyago vya ndugu zetu Wabembe wa Fizi vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na watu wanalipa kuingia kuvitazama. Hapa kwetu, mama aliyeteremka kutoka milimani akikimbia risasi anasuka vikapu na mikeka chini ya hema. Ana mkono wa fundi, ila hana hata meza ya kuviweka mahali mgeni anapopita.

Wengine wananijibu: "Mwandishi, wageni hawapendi kuona umaskini." Nendeni Forodhani, Unguja. Pale ni bustani ya watu wote mbele ya bahari. Jioni wapishi wanapanga meza zao, mgeni kutoka Ulaya anakula urojo na mishikaki bega kwa bega na mtoto wa mtaani. Hakuna anayelipa kiingilio ili aone maji. Na wageni wanarudi kwao wakipasimulia.

Wenye baa nao wana hoja yao. Wameweka pesa, wanalipa kodi, wameajiri vijana. Na ziwa limewatesa kama lilivyotutesa sisi: mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia Kilomoni, Kalundu na huku kwetu. Hatujasahau pia Aprili 2020, mito iliposhuka na mawe na kuchukua watu na nyumba. Lakini shida hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufunga njia. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema maji ni mali ya taifa. Haikusema ni mali ya mwenye mabati.

Na jambo hili si la starehe tu. Kipindupindu hakihami Uvira. Mama akizungushwa, atachota pale karibu, penye maji machafu, na mtoto atalipa. Jibu la kweli ni bomba la maji safi karibu na kambi na mitaa. Mpaka bomba lifike, msimfungie njia.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne kwa wakubwa wa mji. Kwanza, njia za kwenda ziwani zifunguliwe na ziwekewe alama, baa iwepo au isiwepo. Pili, wavuvi na mama wa samaki waachiwe mahali pao, na wajengewe meza za kukaushia ndagala. Tatu, Jumapili pawe na soko la vikapu na mikeka ufukoni, na waliokimbia vita wapewe nafasi bila kulipishwa. Nne, bomba.

Nanyi wasikilizaji, ulizeni nyumbakumi wenu: njia yetu ya ziwani iko wapi, na nani aliifunga? Leteni majibu redioni. Tutayasoma hewani, moja baada ya jingine, mpaka yule mama apite na bidoni zake bila kuambiwa zunguka.